Ufunguo wa Tanuri

Ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwa Ukoko ulikuwa wa nyumbani kwake.

Aliligundua hilo akiwa amejikunyata ndani kabisa ya tanuri, pale tope la vyooni linapounguzwa mpaka liwe makaa. Kazi yake ilikuwa kuingia likishapoa na kukwangua tabaka jeusi lililogandia kuta, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Kanuni yao ilikuwa moja: anayeingia anavaa ufunguo wa swichi, ili hata shetani asiweze kuliwasha.

Nje akasikia sauti ya mkewe.

“Shemeji, mume wangu kanichanganyia funguo asubuhi. Huu si wenu?”

“Ndio wenyewe, shemeji,” akajibu fundi wa zamu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kazini. “Kumbe ndiyo maana tanuri limelala mpaka saa hizi. Naye bila shaka anahangaika huko kuutafuta.”

Ukoko akapiga kelele. Sauti ikamezwa na lile tabaka. Akatambaa kuelekea mlangoni, mlango ukabamizwa, giza likamfunika. Kisha akasikia swichi ikilia.

Chini ya magoti yake chuma kikaanza kuwa vuguvugu.

Akapapasa ukuta mpaka akakipata kile kipande alichokwisha kukikwangua, kisichozidi upana wa sahani, akakigonga kwa patasi kwa nguvu zake zote.

“Shemeji, nini hicho kinachogonga?”

“Tanuri hilo. Kila likianza kupata moto hulia hivyo hivyo.”