Mlango wa Nyumba

Saa tatu na robo asubuhi, mahakamani, Hale Dunaway, mwendesha mashtaka, alivaa miwani yake na kuanza kurap.

Alirap kama mtu anayesoma bili ya umeme. "Sikuja na huruma. Nimepita mlango wa nyumba. Kambare bado wa moto mezani. Runinga inacheza bila sauti."

"Kina kimeanguka hapo, mzee!" shabiki mmoja wa mshtakiwa alipiga kelele kutoka viti vya nyuma. Wenzake wakaangua kicheko. Jaji akatishia kuwatoa wote nje.

Renita Askew, mjane, alikuwa kiti cha mbele katika gauni jeusi. Hakucheka. Mstari wa pili uliposomwa alikunja uso kama mtu aliyetoneshwa kidonda.

Dunaway akavua miwani. "Cornell Askew alipigwa risasi akila chakula cha jioni nyumbani kwake. Kambare walikuwa mezani. Runinga ilikuwa imezimwa sauti. Hakuna gazeti lililoandika hayo. Hata mkewe, aliyekuwa Tupelo kwa dada yake, hakuonyeshwa chumba kile. Lakini mshtakiwa aliyarekodi katika wimbo huu wiki chache baadaye." Akawageukia raia kumi na wawili walioteuliwa kuamua kesi. "Mshtakiwa anayejigamba kwamba kila neno analiandika mwenyewe."

Hilo halikuhitaji ushahidi. Mshtakiwa, Tavaris Boddie, ambaye mashabiki wanamwita Tavo Brick, alijenga jina lake lote juu ya majigambo hayo. Alipogundua kwamba rapa mwenzake wa South Memphis anaandikiwa, alimwita kasuku redioni, kisha akamtolea wimbo wa matusi. Kufikia kiangazi yule jamaa alikuwa anauza matairi. Memphis, rapa anayeandikiwa ni sawa na bondia anayepiganiwa.

Wakati wa mapumziko wakili wa Tavaris, Odessa Whitlock, alifunga mlango wa chumba cha mahabusu na kubaki amesimama.

"Nani aliuandika?"

"Mimi."

"Tavaris, nina umri wa mama yako. Usinichezee."

Alishusha sauti. "Ulikuja kwenye simu, mama, ujumbe wa sauti. Namba siijui. Sauti imepunguzwa kasi, nzito kama lami, hujui ni ya mwanamume au ya nani. Cornell alikuwa ananiletea za hivyo miaka yote aliyonisimamia. Sijawahi kuona karatasi. Nakariri kwa sikio, naingia studio."

"Cornell uligombana naye. Na huu ulikuja akiwa ameshazikwa."

"Nikadhani mtu wake ameamua kuniletea mwenyewe. Ulikuwa mkali. Ningeuacha vipi?"

"Ujumbe wenyewe uko wapi?"

"Nafuta. Ukikutwa nao umekwisha."

"Basi simama uwaambie hivyo."

"Niwaambie mimi kasuku? Jioni hii hii nitakuwa kichekesho cha mji mzima."

"Usipowaambia, utazeekea gerezani ukiwa na heshima zako zote. Chagua."

Hakuchagua. 

Mchana Renita Askew alipanda kizimbani. Dunaway alimsemesha kwa upole.

"Bi Askew, umewahi kuusikiliza wimbo huu?"

"Mimi ni mtu wa kanisa. Uchafu wa huyo haupigwi nyumbani kwangu. Nausikia magari yakipita, basi."

"Unamfahamu mshtakiwa?"

"Namfahamu tangu hana hata soksi. Amekula mezani kwangu. Alikuja na njaa na kelele, akaondoka na magari manne." Akamtazama Tavo moja kwa moja. "Mnasema ana kipaji. Kipaji gani? Mume wangu alichukua kibuyu kitupu akakijaza maneno. Siku kibuyu kilipojaa, kikasahau kisima."

"Pingamizi," Whitlock alisema.

"Acha aseme," Tavo akasema, akainuka. Mlinzi alimshika bega, Tavo akajinasua. "Nichukie, mama, una haki. Lakini mimi sikumuua Cornell. Na wimbo ule sikuuandika."

Kisha kutoka nyuma mtu akasema, bila kupaza sauti, "Kasuku." Wa pili akadakia. Msichana mmoja alivua fulana yenye picha ya Tavo, akaitupa sakafuni, akabaki na ya ndani. Jaji aligonga meza.

"Kaa chini, Bwana Boddie!"

"Niiteni kasuku! Ndiyo, niliandikiwa!" Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Niliandikiwa kila kitu! Na aliyeniandikia huu ni mbumbumbu. 'Huruma' na 'nyumba', kina gani hicho? Mwaka mzima nachekwa kwa ajili ya mstari wa mtu asiyejua kazi. Mtoto wa darasa la tatu angeandika bora kuliko yeye!"

Renita Askew alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni 'nyuma'!" alifoka. "Huruma, nyuma! Mlango wa nyuma! Nilitamka wazi kabisa, mpumbavu wewe. Hata kusikiliza hujui?"

Karani wa mahakama aliyapiga chapa maneno hayo kama yalivyosemwa.