Chupa ya Svilen

"Mwaga yote, shemeji! Tangi halinywi machozi," msimamizi alinihimiza.

Chupani mlikuwa na maji mekundu ya chembe ndogo mno za dhahabu, mbegu za kukuzia chembe nyingine, alizotengeneza mume wangu Svilen wiki moja kabla moyo wake haujasimama. Kila tulipojaza tangi bila mbegu zake, tuliambulia maji ya kijivu, dhahabu imeganda chini kama masizi.

Nikamwaga.

Tangi zima likawa la rangi ya waridi, kisha jekundu kama divai ya Melnik. Kiwanda kizima kikapiga makofi. Msimamizi, mtu mkavu wa hisia kuliko wote hapa Plovdiv, alinibusu mashavu yote mawili, na mimi nikacheka kama mwehu.

Ndipo nikarudi kuichukua chupa. Shingoni mwake nilikuwa nimeacha utando mwembamba wa waridi, kazi ya mwisho ya mikono yake.

Mama anayetuoshea vyombo alikuwa ameishika, akiifuta kwa aproni.

"Nimekuoshea kwa asidi kali, mwanangu, kama kawaida yetu. Tazama, haina hata doa!"

Nikaiinua kwenye mwanga. Kupitia kioo nilimwona akitabasamu, akingoja nimshukuru.