Kuhamisha Mawe

Nilijigonga ugoko kwenye meza ya sebuleni, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na meza.

Makochi yalikuwa yamebadilishana kuta. Kiti cha mume wangu, ambacho hata paka hathubutu kukikalia, kilikuwa kimeipa televisheni mgongo. Yeye mwenyewe alikuwa anasukuma kabati, jasho linamtiririka.

"Mama anafika sasa hivi, baba watoto. Ndiyo nini hii?"

Alinionyesha kwa kidevu tangi lake la samaki, lile lililomeza ukuta mzima. Samaki wake ni wa ziwani, wa kila rangi na kila umbo, na ni wakorofi kupita kiasi. Kila mmoja ana jiwe lake, na jiwe hilo likisogelewa ni vita. Kwa hiyo kabla mume wangu hajatia samaki mgeni, hupangua mawe yote. Wenyeji wakishapoteza mipaka, huanza kutafuta makao upya pamoja na mgeni.

Nikashika upande wa pili wa kabati. Kwa kaka yangu, alikokuwa akiishi mama, kila kiti kilikuwa na mwenyewe, naye aliishia kukalia kigoda cha jikoni mpaka akaomba kuhamia kwetu.

Hodi ikapigwa. Mama aliingia amekumbatia mfuko wake, akasimama pale pale mlangoni.

"Nikae wapi, wanangu, nisije nikakalia pa mtu?"

Mume wangu alijifuta mikono kwenye suruali, akazungusha macho sebule nzima kama mtu aliyepotea.

"Hata sisi tunatafuta, mama. Anza wewe kuchagua."