Wimbo Usiishe

"Mama, kama uko Mukongomani kweli, imba wimbo wa taifa," karani wa kadi za uchaguzi alimwambia Uwamwiza.

"Mwenye alinitangulia hamukumuimbisha."

"Ule tunamujua."

Fomu ya Uwamwiza, yenye jina lake la Kinyarwanda, ilikuwa tayari imebanwa chini ya jiwe, pamoja na zilizokataliwa. Upepo wa ziwa uliitikisa ncha.

Uwamwiza akaimba. Polisi wa mlangoni akapiga saluti. Foleni nzima ya mji wa Baraka ikasimama wima. Karani naye ikambidi ainuke.

Wimbo huo ukiimbwa hakuna anayesogea, wala anayefukuzwa.

Ubeti wa mwisho ukaisha. Karani akaanza kuketi, mkono ukianza kumwonyesha mlango.

Uwamwiza akauanza upya.