Kibali cha Kuvuka Songwe

Karani Didas, mtu wa Iringa, alizirudisha karatasi dirishani bila kuzigonga muhuri.

"Chanjo unayo, barua ya chifu unayo. Lakini ng'ambo ya mto Songwe, Nyasaland, kumechafuka, dada, watu wanapigwa risasi. Mwanamke havuki mpaka mzee wa nyumba ya mumewe aje mwenyewe aweke dole gumba."

"Mume wangu amekufa, bwana karani."

"Basi baba yake. Au naye amekufa?"

Waliopanga foleni wakacheka. Atuganile akazikunja karatasi zake, akatoka kwenda kuketi kwenye ukuta wa Boma.

Baba mkwe alikuwa hai, na ndiye huyo Atuganile aliyekuwa akimkimbia. Alikwisha kuamua Atuganile arithiwe na shemeji yake, mlevi mwenye mkono mwepesi. Atuganile alitaka kwenda kwa mama yake Karonga, huko Nyasaland, yeye na mwanawe Yohane, basi. Angemletaje mzee huyo Mbeya? Kwa desturi ya Kinyakyusa hata jina lake hakuruhusiwa kulitamka. Tangu aolewe hajauona uso wake. Mzee akipita, yeye hujitupa migombani, akajifunika kanga, akangoja hatua ziishe.

Pembeni yake alikuwa ameketi mzee mmoja, amejitanda blanketi, ametazama upande wa pili.

"Na wewe baba umenyimwa kibali?"

"Mimi nimepotelewa na ndama," mzee alijibu kwa sauti ndogo. "Nimeambiwa ameonekana huku mjini."

Atuganile akamtazama. Umri ulikuwa kama wa baba mkwe. Shida haina haya. Akamsogelea, akamweleza yote, kisha akamwomba.

"Ingia nami, baba. Useme mimi ni mkweo. Nitakununulia ugoro."

Mzee hakugeuka. "Mkwe gani huyo anayeketi karibu na baba mkwe namna hii?"

"Ndiyo maana naomba kwa mgeni."

Mzee akacheka kidogo puani. "Na huyo mtoto umemwacha wapi?"

"Kituo cha mabasi, kwa Tupokigwe, muuza ndizi mwenye kilemba chekundu. Watoto hawaruhusiwi kuvuka, karani akimwona ataninyima. Nikifika mtoni namfunga mgongoni, navuka na wachota maji. Nani atamhesabu?"

"Una akili," mzee alisema, akainuka.

Mbele ya karani, Atuganile alijifunika kanga mpaka machoni, akageukia ukuta, kama mkwe wa kweli. Moyoni alikuwa karibu kucheka.

Didas akasoma barua ya chifu. "Wewe ndiye Fanueli Mwakalinga?"

"Ndiye."

"Unamruhusu mkweo avuke? Akishavuka, harudi mpaka hali itulie."

"Avuke."

"Kuna mtoto humu."

"Mtoto anabaki kwangu."

Aliyasema kwa utulivu mno. Atuganile akamshukuru Mungu kwa kumpatia mwongo hodari kiasi kile.

Mzee akabonyeza dole gumba, akatoka. Atuganile akaambiwa asubiri sahihi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Alipokipata kibali jua lilikuwa limepanda, na pale ukutani hapakuwa na mtu. Akanunua ugoro hata hivyo, asije akakutana naye njiani akaonekana hana shukrani.

Basi la Tukuyu lilikuwa linanguruma kituoni. Tupokigwe alikuwa peke yake, akipanga ndizi.

"Yohane yuko wapi?"

"Si amechukuliwa na babu yake? Mimi nilimkatalia, dada, mzee mwenyewe simjui. Lakini mtoto alipomwona tu alimkimbilia, 'Babu, babu,' akamrukia mgongoni." Akamnyooshea kichane cha ndizi mbivu. "Hizi amekununulia yeye, ule njiani. Amesema kibali umeshapata, uende salama."