Wa Kwanza Kuingia Majini

Bwalya alimtemea shemeji yake mate miguuni, palepale mlangoni, majirani wa mtaa wa Katuba wakitazama.

"Weye iko mutumwa ya bazungu! Unaogelea nabo, kiisha unakuya kulala na dada yangu?"

Chola alikuwa boyi wa bustani kwa Musyu Verhaegen, kule mjini. Habari zake zilikuwa zimeenea kama moshi: mwezi mzima sasa, kila Jumamosi jioni, anaingia katika bwawa la kuogelea la tajiri wake. Tena anaingia wa kwanza, na wazungu wenyewe wanasimama kando na taulo zao wakimngoja! Katika Élisabethville ile ya wakoloni, ambamo mtu mweusi alinunulia mkate dirishani bila kuruhusiwa kuingia dukani, nani asingeona wivu? Bwalya aliona wivu, na juu ya wivu akaweka chuki.

"Ni kazi, shemeki," Chola alijibu.

"Basi leo nitaona na macho yangu. Kama iko kweli, Angélique anarudia kwetu Kasomeno."

"Yaya, muache bwana yangu!" Angélique alimlilia kaka yake.

Chola alivua pete ya ndoa na medali yake ya Bikira Maria, akamwachia mkewe mkononi kama kila Jumamosi. Akawabusu watoto, akapanda baiskeli.

"Munaona?" Bwalya akafoka. "Kule anajifanya hana bibi!"

Jua lilipoanza kuzama, Bwalya alikuwa amejibanza nyuma ya ua wa miti wa Musyu, jiwe mkononi. Jiwe hilo lilikuwa la kumpiga Chola, si mwingine.

Wageni walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea. Mmoja wao, fundi wa umeme, alikuwa akigomba na mwenyeji kwa Kifaransa, lugha ambayo Bwalya aliisoma kwa mapadri.

"Sheria inataka kila chuma kando ya maji kifungwe kwa waya wa shaba mpaka ardhini, umeme ukivuja upitie humo. Ngazi, taa, pampu, vyote. Wewe hujafunga hata kimoja!"

"Nitafunga siku moja," Musyu alisema, mkono kwenye swichi. Mji mzima ulikula kwa shaba, lakini kwa bwana huyu kipande cha waya kilikuwa taabu. "Chola! Ingia!"

Chola akashuka majini. Taa za chini ya maji zikawaka, maji yakawa buluu. Aliogelea hadi ng'ambo, akaishika ngazi ya chuma kwa mikono miwili. Bwalya akainua jiwe. Hata ngazi anaikumbatia kama ya baba yake!

"Vizuri. Toka," Musyu alisema, na wageni wakatupa taulo zao.

"Na yule mbwa wako aliyekuwa akitangulia majini?" fundi aliuliza.

"Alikufa mwezi uliopita, palepale kwenye ngazi. Tangu siku ile Madame hataki tutie mbwa majini."