Kidole Gumba cha Sekela

Siku hizi chungu kisicho na alama ya kidole gumba hakiuzwi, si mtandaoni wala gulioni Kyela. Mnunuzi hukigeuza, akakimulika kitako kwa simu, na simu isipoona mistari ya kidole hutangaza kuwa hiyo ni kazi ya mashine.

Vidole vya Atuganile vilikuwa laini kama kokoto aliyotumia kung'arishia vyungu. Udongo na mchanga vilikwisha kula mistari yote. Mumewe angeweza kumsaidia, lakini kwao mwanamume hagusi udongo mbichi. Akabaki binti yao, Sekela.

Kila chungu kabla hakijakauka, Sekela alikibonyeza kitakoni, kisha mama yake akamnawisha na kumvalisha glavu za pamba. Hakuruhusiwa kuosha vyombo, kulima, wala kucheza mchangani na wenzake.

Jioni moja Atuganile alimkuta nyuma ya nyumba, glavu kaziweka kando, akifinyanga kijungu. Kilikuwa kizuri, mdomo umekaa sawasawa.

"Mama, tazama. Si kama vyako?"

Atuganile alikipokea, akakiponda taratibu mpaka kikawa bonge.

"Lete mikono, mwanangu," alisema, akaivutia kwenye mwanga kuikagua mistari.